Waje mapema, kazi ikiwa bado mbichi

Mmeuliza wiki hii: mtu ameanza kazi mpya na marafiki wanataka kuja kumtembelea, je, awakaribishe au awaambie wasubiri mpaka atulie? Jibu langu ni waje, tena waje mapema. Nimepitia hilo mwaka huu hapa Mwanza, na ninavyoona, anayeahirisha wageni wake mpaka kazi iwe ya mazoea anajinyima uhondo wa mambo yote mawili.

Nafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa mapokezi. Sisi ndio tunaokagua samaki kabla hawajaingia ndani kukatwa. Mzigo unakuja na barafu yake kutoka visiwani na kwenye mialo, nasi tunaufungua kreti kwa kreti. Unafunua shavu na kutazama matamvua. Yakiwa mekundu ya damu mbichi, sawa. Yakigeuka kahawia na kushika utelezi mzito, huyo anakaa pembeni. Jicho liwe limetuna na ling'ae, lisiwe limezama wala kuingia ukungu. Unabonyeza mgongo kwa kidole gumba, na nyama irudi yenyewe kabla hujahesabu moja. Halafu kipimajoto, maana samaki aliyetunzwa vizuri kwenye barafu anakaa karibu na nyuzi sifuri. Rula nayo haitoki mkononi, kwa sababu sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Naipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Napenda kuvaa koti jeupe na buti za mpira kabla jua halijachomoza, napenda mvuke unaotoka kwenye barafu kifuniko kinapoinuliwa, na napenda kwamba uamuzi wangu una uzito. Mkuu wa zamu yetu, tunamwita Mama na ndiye anayenifundisha, anakumbuka vizuri mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Anasema ukiwa umewahi kuona kiwanda kimesimama, huwezi kupitisha samaki kwa kumwonea haya aliyemleta. Na mimi sasa simwonei haya mtu.

Basi, wenzangu wawili niliosoma nao SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, walipopiga simu kwamba wanataka kuja, nyumbani nikaambiwa: mwanangu, si umalize kwanza muda wa majaribio? Ushauri wa upendo, nauelewa. Lakini nikawaambia wapande basi. Mmoja ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mwingine ana duka la dawa za mifugo Dodoma. Nilikwenda kuwapokea stendi ya Nyegezi Ijumaa usiku, wakashuka na kiroba cha mchele wa kwao na machungwa, miguu imevimba kwa safari, tukaanza kucheka hapohapo kabla ya mizigo kushushwa.

Nakaa Mabatini, juu kwenye mawe. Chumba ni kimoja. Wanaosema hawawezi kupokea wageni kwa sababu ya chumba kimoja ningependa wajaribu. Godoro likashuka chini, mkeka ukatandikwa pembeni, na maongezi yakaenda mpaka mwalimu akaanza kukoroma katikati ya sentensi ya mwenzake. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Hawa walishika sufuria siku ya kwanza. Jumamosi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nilirudi nimechoka, nikakuta chumba kimepigwa deki, maji yamepandishwa, na mzee jirani ameshawafundisha kuitikia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Huko ndiko kusaidiwa kutulia, kama kutulia ndiko kunakotafutwa.

Mchana tukaenda Mwaloni, Kirumba, maana mtu akija Mwanza asipofika pale naona kama hajafika. Dagaa wamejaa magunia kwa magunia, wanunuzi wengine wametoka Kongo, wapagazi wanapita wakiita "pisha! pisha!" na lazima upishe. Mwenye duka la dawa alitaka kubeba dagaa wa kupeleka Dodoma. Akaelekea kwenye lundo la kwanza, nikamshika mkono. Nikachota wachache, nikavunja mmoja: alivunjika kwa mlio mkavu, lakini kwenye vidole nikabaki na chembechembe za mchanga, na rangi yake ilikuwa imefifia kuelekea njano. Tukasogea. Lundo la tatu au la nne walikuwa wanang'aa fedha, kichwa kimeshikana na mwili, wameanikwa juu ya vichanja badala ya mchangani. Muuzaji, dada mmoja mcheshi sana, akaniuliza, "We dada, unafanya kazi wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo maana unanisumbua," akatuongezea kopo la juu.

Wageni wakataka niwaeleze kila kitu. Kwa nini dagaa ni wengi siku za giza na hupungua mwezi ukiwa mpevu? Kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa, na mbalamwezi huishinda taa. Kwa nini mabondo ya sangara, vile vibofu vyake vya hewa, yana bei kuliko nyama yake? Kwa sababu China wanayanunua kama chakula cha heshima. Mwalimu, kwa tabia yao walimu, hakuridhika na jibu la nusu, na kila alipochimba nilijikuta nina la kumjibu. Kazini ninajibu maswali ya wanaojua kunizidi, kwa hiyo siku zote najiona mwanafunzi. Pale sokoni, mbele ya watu wanaonijua tangu tunagawana daftari, niliona nimeshapata kitu. Jumatatu niliingia zamu nikiwa na sauti nyingine kabisa, na Mama alilitambua hilo kabla sijamsimulia chochote.

Hapo ndipo penye jibu langu kwenu. Kazi ikishakuwa ya mwaka wa tano utamwambia rafiki yako "kazi ni kazi tu", na yeye hataona kilichokupendeza. Ikiwa mpya, unamwonyesha kwa macho yaleyale unayoionea wewe.

Sijasema msiwe waangalifu. Mwenye zamu za usiku aseme mapema, na mshahara wa kwanza usigeuzwe karamu. Sisi jioni ile tulichagua sato mmoja mkubwa, akachomwa mbele yetu, akaletwa kwenye sinia moja na ugali, kachumbari na pilipili. Mikono mitatu, sinia moja, ziwa mbele yetu limegeuka rangi ya shaba. Hakuna aliyeuliza mezani pana nini kingine.

Jumapili tulipanda boti kwenda Saanane, kisiwa ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, na kinaonekana kutoka mjini. Pimbi wanaota jua juu ya mawe kama wenye nyumba. Mijusi wa pale, dume ana kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, walimfanya mwalimu asahau kabisa kwamba ana umri wa kuheshimika. Aliwafuata kwa simu mpaka mhifadhi akamwomba arudi njiani. Jumatatu waliondoka mimi nikiwa kazini, kwa hiyo tuliagana alfajiri. Walipitia kwanza Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Mwalimu aliwahi kupangiwa Geita na anakijua kivuko cha zamani na foleni zake. Alinipigia akiwa ng'ambo, anapiga kelele kwamba amevuka hata karanga alizonunua Kigongo hajamaliza kumenya.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, hatukufika, muda haukutosha, na wote wawili wananidai. Ngoma za sikukuu ya Bulabo, vikundi viwili vya wachezaji, Wagika na Wagalu, wanaposhindana, huchezwa pale mara nyingi mwezi Juni, na walimu Juni wana likizo. Nimeshamwambia Mama nataka zamu za asubuhi wiki hiyo. Amekubali, kwa sharti kwamba safari hii wageni walale kwake siku moja, maana naye anataka kumsikia huyo mwalimu akiuliza maswali.