Wakala kaweka kikao saa tisa usiku: maswali yenu kuhusu zana za kuunda kazi

Wiki hii barua nyingi zinatoka kwa watengenezaji wanaounganisha wakala wa AI, yaani modeli ya lugha inayotenda kazi kwa niaba ya mtu, na programu za kupanga miradi. Wengi wamekwama palepale: zana ya kuunda kazi, yaani kitendo ambacho wakala anaweza kukiita ndani ya programu, ipo na inafanya kazi, ila wakala anaitumia ovyo.

Zana yetu ina maelezo ya maneno mawili, "Huunda kazi". Mtu akiuliza tu kazi fulani imefika wapi, wakala anaunda nyingine mpya. Tubadilishe modeli?

Hapana, ndugu yangu, modeli usiisumbue. Wakala haoni msimbo wako wala skrini yako. Kama mnatumia MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, anachopewa kuhusu zana ni jina, maelezo na skima ya vigezo (orodha ya nafasi za kujaza na aina ya kinachokubaliwa) iliyoandikwa kwa muundo wa JSON Schema, pamoja na vidokezo vichache ukipenda kuviweka. Kwa maneno mawili ulimtegemea abahatishe, na kweli akabahatisha. Jaribu hivi:

"Huunda kazi MPYA ndani ya mradi uliopo. Itumie pale tu mtumiaji anapoomba kazi iongezwe. Kubadilisha kazi iliyopo, tumia hariri_kazi. Kuuliza hali ya kazi, tumia tafuta_kazi. Hurudisha kitambulisho cha kazi na kiungo chake."

Sentensi zenye uzito hapo ni zile zinazomwelekeza kwingine. Tumezoea kueleza zana inafanya nini, tunasahau kusema isipofaa aende wapi.

Mteja aliandika "weka kikao Ijumaa saa tatu". Wakala akaweka 03:00, yaani saa tisa usiku! Mteja kacheka, bosi hakucheka.

Hili ni letu wenyewe. Kwenye miongozo ya Wazungu hutalikuta. Modeli imesoma saa za aina mbili, yetu na ya kimataifa, na usipoiambia ifuate ipi, leo itapatia, kesho itakosea. Kwanza, kigezo cha muda kipokee muundo mmoja tu, ISO 8601, ule wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, pamoja na tofauti ya saa za eneo: 2026-03-06T09:00:00+03:00. Pili, andika kanuni ndani ya maelezo ya kigezo chenyewe: "Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00. Asiposema asubuhi wala usiku, muulize. Akiandika kwa Kiingereza, usigeuze saa." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, maana mtu yuleyule wa Dar huandika "saa nane" na "2 pm" ndani ya ujumbe mmoja.

Kuna mtego mwingine. Saa nane usiku ni 02:00, na kwa kalenda ya kompyuta tarehe imeshageuka. Halafu wapo wazee wetu ambao siku kwao huanza jua likizama: "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kompyuta inauita Alhamisi. Hapo usitunge kanuni. Mwambie wakala ataje tarehe kamili na mtumiaji akubali kwanza.

Na hiyo "Ijumaa" wakala aliipataje? Modeli haina kalenda ukutani. Mpe tarehe ya leo kila mazungumzo yanapoanza.

Tuna Asha watatu ofisini. Kazi zote zinamwangukia mmoja.

Kigezo cha mhusika kipokee kitambulisho, kisipokee jina. Weka zana ya pili, tafuta_mwanachama, na useme wazi kwamba yakirudi majina zaidi ya moja, wakala aulize. Kipaumbele nacho kifunge kwa orodha: juu, kati, chini. Ukiacha wazi utakuta "haraka sana tafadhali".

Mtandao ukiyumba tunapata kazi ileile mara mbili, tatu.

Poleni. Sisi siku moja tulifika ofisini tukakuta "Nunua wino wa printa" mara saba. Seva ilikuwa imepokea ombi la kwanza, jibu likapotea njiani, wakala akadhani hakusikika. Ongeza kigezo cha ufunguo wa ombi: wakala akirudia jaribio atume ufunguo uleule, nayo seva ikiuona tena irudishe kazi iliyokwisha kuundwa. MCP ina alama ya idempotentHint ya kusema kwamba kurudia hakuna madhara, lakini jina lenyewe linakwambia ni dokezo. Kuzuia ni kazi ya seva yako.

Makosa tunarudisha "400" tu, ile namba ya seva ya kusema ombi lina kasoro. Inatosha?

Inatosha kwako wewe unayesoma kumbukumbu za seva. Wakala anahitaji kujua afanye nini sasa: "Mradi PR-18 umefungwa. Tumia orodha_miradi kupata ulio wazi." Irudishe kama matokeo ya zana yenye alama ya isError ikiwa "kweli" (true), ili modeli ipate kuisoma na kujirekebisha.

Maelezo tuandike Kiswahili au Kiingereza?

Modeli kubwa zinaelewa vyote. Kiswahili kwa kawaida hula tokeni zaidi, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli huhesabu. Mimi ningechagua lugha ambayo timu yako itaweza kuihariri bila kuogopa, na mifano ya ujumbe wa wateja ningeiacha kama walivyoiandika.

Nitajuaje kwamba maelezo yametosha?

Yachapishe kwenye karatasi, mpe mtu asiye fundi, pamoja na ujumbe kama mitano halisi ya wateja, aijaze zana kwa kalamu. Sisi tulimpa dada wa uhasibu. Miwili ya kwanza alijaza bila shida. Wa tatu ulisema "mkumbushe yule jamaa wa mabati". Akainua kichwa: "Jamaa yupi, na hii ni kazi mpya au ile ya juzi?" Maelezo yetu hayakuwa na jibu kwa lolote kati ya hayo mawili.