Tusimwahidi Ikulu

Mhariri, mmeuliza kama kiongozi anayekiri kushindwa anajijenga au anajibomoa. Najua wengi watamtaja hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi. Nami namtaja, ila naona kisa chake tumezoea kukisimulia kinyumenyume.

Mwaka 1976 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Usukumani kulikuwa na mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, hasa wazee (kuna bibi zetu ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho yenyewe ni ya moshi wa jikoni). Vyombo vya dola vikaingia Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji. Watuhumiwa wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mwinyi hakuagiza mateso hayo. Mapema mwaka 1977 akajiuzulu.

Simulizi za kijiweni zinaruka kutoka hapo mpaka 1985, alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania: unaona, ukiwajibika utalipwa! Lakini siku anaandika barua ile hakuwa na ahadi ya mtu. Alipelekwa ubalozini Misri, na kwa mwanasiasa ubalozi wa mbali ni kama kufungiwa kabatini. Kama Aboud Jumbe asingeachia urais wa Zanzibar mwaka 1984, nafasi ikawa wazi na Mwinyi akaishika, pengine huyu tuliyekuja kumwita Mzee Rukhsa tusingemjua kabisa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba anajibomoa, na tusimdanganye. Faida inakwenda kwa wengine. Waziri akishaondoka kwa sababu watu wamefia mahabusu, serikali haiwezi tena kuziambia familia kwamba ndugu zao waliugua tu. Jambo limeshakubaliwa kwamba lilitokea, na kwamba lilikuwa baya. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Siku hizi daraja likikatika tunaundiwa kamati, na anayesimamishwa kazi ni mhandisi wa wilaya. Mkubwa wake anasema alipewa taarifa zisizo sahihi. Huenda ni kweli. Hata Mwinyi angeweza kusema hivyo, na kwa haki kabisa.

Na sisi wananchi tusijitoe. Waziri akijiuzulu leo asubuhi, kabla ya adhuhuri tumeshaulizana kwenye makundi ya WhatsApp alikula kiasi gani. Anayetuona tukifanya hivyo, naye yuko ofisini na jambo lake limemharibikia, atafunga mlango aendelee na kikao.