Pikapu yako ya zamani inakula dizeli? Ipime kabla hujalaumu injini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, wakishatangaza bei kikomo za mafuta, wenye pikapu za zamani tunasema neno moja: injini imechoka, inakula mafuta. Na mimi nilisema hivyo mwaka mzima. Hilux yangu ni ya 1994, injini aina ya 3L, dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. Napakia ndizi Kwa Sadala, nashusha soko la Kilombero pale Arusha, kisha narudi Moshi tupu, mara tatu kwa wiki. Nilishaanza kuulizia bei ya injini nyingine. Kabla sijatoa hela, dereva mmoja wa Fuso, mtu mzima, akaniuliza: "Kwani mwanangu, lita moja inakufikisha kilomita ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilichojua ni hela ninayoiacha kituoni tu.

Basi anza na kupima. Jaza tangi mpaka bomba lijizime lenyewe, andika kilomita, fanya kazi yako kama kawaida, rudi kituo kilekile na pampu ileile, jaza tena mpaka lijizime. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Usipime safari ya upande mmoja. Mji wa Moshi uko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, Arusha ni kama 1,400. Kwenda unapanda na mzigo, kurudi unashuka mtupu, kwa hiyo ukipima wakati wa kurudi utafurahi bure. Mimi nilijumlisha safari tatu za kwenda na kurudi, nikapata kilomita 7.3 kwa lita. Nikanunua daftari siku ileile.

Breki ndizo zilizonishangaza. Nilipofika nyumbani nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Tatu zilikuwa za uvuguvugu, ya nyuma kushoto ilikuwa inatoa joto kama jiko. Nikapiga jeki, nikalizungusha gurudumu kwa mkono: halikuzunguka hata nusu. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu ndani ya mpira wake, shuu hazirudi. Yaani kwa miezi sijui mingapi nilikuwa napanda Usa River na breki imebana. Kubadilisha waya kulinigharimu kidogo sana ukilinganisha na dizeli niliyokuwa nimeshaichoma.

La pili ni themostati, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni kosa linalofanyika kwenye gereji nyingi. Siku moja rejeta ilivuja, gari likachemka. Fundi aliyelishughulikia akaziba rejeta, kisha akaitoa themostati akaniambia, "Kaka, hii haina kazi, inaleta joto tu." Nikamwamini. Tangu siku ile mshale wa joto ulikuwa unalala chini, hata mlimani, na mwezi wa saba asubuhi ukipita Tengeru haunyanyuki kabisa. Mimi nikidhani gari lina afya! Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi hayaungui vizuri, na oili nayo inabaki nzito. Themostati inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu, ndipo inafungua. Nikairudisha mpya, mshale ukakaa katikati. Kama gari lako linachemka, tafuta sababu: rejeta, pampu ya maji, feni, mfuniko. Usiwakubalie waitoe themostati.

Breki na themostati pekee zilinifikisha 9.1.

Kisha moshi mweusi. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 13, na injini isiyo na tabo haina namna ya kuifidia. Pampu ya dizeli ya injini iliyosetiwa pwani inaendelea kumwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu, na ile isiyoungua ndiyo unayoiona nyuma ikiwa nyeusi. Watu wanaifungulia pampu wakitafuta nguvu, wanaishia kupata moshi. Mimi nilianza na ea klina, yaani chujio la hewa, maana vumbi linaiziba haraka, na ikiziba moshi unakuwa huohuo. Niliponunua mpya moshi ulipungua lakini haukuisha, ndipo nikapeleka pampu na nozeli zinazonyunyiza dizeli kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Aliipunguza dizeli kidogo. Mlima wa kuingia Arusha napanda kwa gia ileile. Tafadhali usiikaze skrubu ya pampu mwenyewe kwa kubahatisha.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko cha mlangoni. Kama mwenye gari wa kwanza aliweka tairi kubwa kuliko za kiwandani, mita yako inahesabu kilomita pungufu, kwa hiyo ilinganishe na vibao vya kilomita barabarani kabla ya kuliamini daftari. Chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi nilijaribu mbili. Namba haikusogea.

Kuna jambo la uendeshaji linaloniuma. Madereva wengi wakitoka Tengeru kushuka wanatia nyutro, wanaamini wanaokoa mafuta. Ukiacha gia ndani na kutoa mguu kwenye akseleta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu inakata dizeli. Ukitia nyutro, injini inahitaji dizeli ili isizime. Unapoteza mafuta, na mzigo wote unaubebesha breki, mbele kuna matuta na watoto wa shule wanavuka. Acheni, ndugu zangu.

Baada ya yote hayo nilifika 9.8. Kwa kilomita 160 za kwenda na kurudi, lita 22 zimekuwa 16 na kidogo, na injini ni ileile niliyotaka kuitupa. Wiki iliyopita daftari limeshuka mpaka 9.2. Mshale wa joto uko mahali pake, moshi hakuna. Kesho alfajiri kabla ya kupakia napiga jeki gurudumu la mbele kulia, maana jana lilikuwa na joto kuliko mengine.