Figo ikitulia, dawa haziachwi

Dada, umeuliza kama kaka yako aache dawa kwa kuwa figo aliyopandikizwa imetulia. Hapana, asiache. Mwili una seli T dhibiti zinazozizuia seli nyingine za kinga zisishambulie kiungo kigeni, lakini kwa watu wengi hazitoshi. Tena takrolimasi, dawa anayomeza ili mwili usiikatae figo, hupunguza intalukini-2, kemikali ya mawasiliano ya seli za kinga, ambayo seli hizo dhibiti huitegemea kuishi. Ndiyo sababu mojawapo ya uvumilivu bila dawa, yaani mwili kuikubali figo bila kusaidiwa, kuwa nadra. Takrolimasi ya kawaida aimeze kila baada ya saa 12. Akitoka Masasi kwenda kliniki Dar, dozi ya asubuhi aibebe mkononi, aimeze baada ya kutolewa damu, la sivyo kipimo cha dawa kwenye damu kitasoma juu na dozi itapunguzwa kimakosa. Balungi asile kabisa. Akiharisha, kiwango cha dawa kinaweza kupanda, awapigie kliniki siku hiyo hiyo.