Taa ya kuchaji ya kwenda nayo Kondoa

Dada, umeuliza taa gani ya bei nafuu itakufaa usiku mbili kwenye hema kule Kolo, Kondoa, mkienda kuona michoro ya miambani. Maandishi ya boksi usiyaamini sana. Ishike mkononi: ikiwa nzito kama tofali, mara nyingi ndani mna betri ya madini ya risasi, na hiyo ukiiacha wiki kadhaa bila chaji inakufa. Tafuta ya lithiamu, inayochajiwa kwa waya wa simu. Pale sokoni Majengo, kabla hujalipa, iwashe uitikise. Mwanga ukicheza, mrudishie mwenyewe. Lumeni (kipimo cha mwanga) 200 zinatosha hema, tena mkishakula punguza mwanga. Yangu naivisha soksi kuukuu, maana vumbi letu unalijua, linaingia hadi tundu la chaji.