Kilo ya sukari mwezini, na maswali mengine ya uvutano

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu wa kidato cha kwanza anasema tungamo na uzito si kitu kimoja. Mimi nauza kwa kilo miaka yote na sijasikia habari hiyo. Mkweli nani? (Mwenye duka, Korogwe)

Marahaba. Kijana yuko sahihi, na wewe hujamwibia mtu. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na ndicho kinachopimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ya Dunia kukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kilo moja ya sukari hapo kaunta inavutwa kwa nyutoni kama 9.8.

Chukua kilo hiyo hadi mwezini pamoja na mizani zako. Anza na ile ya sahani mbili: sukari huku, jiwe la kilo kule. Sahani zitalingana vilevile kama dukani, maana Mwezi umepunguza mvuto wa jiwe na wa sukari kwa kiwango kimoja. Sasa itundike kwenye mizani ya springi, ile ya ndoano. Mshale utasimama kwenye gramu 165 hivi, na hakuna punje iliyomwagika. Mizani ya kwanza inalinganisha tungamo na tungamo. Ya pili inapima mvuto tu.

Hata hapa duniani springi inadanganya kidogo. Mzigo unaosoma kilo 100 kwenye ncha ya kaskazini ungesoma kama 99.5 kwenye ikweta, kwa sababu Dunia inazunguka na pia imetuna kiunoni. Nusu kilo! Anayenunua dhahabu aliangalie hilo.

Nazi iliyokomaa na kidaka vikidondoka pamoja kutoka mnazi mmoja, kipi kitatangulia chini? Tumebishana barazani tangu alasiri. (Wazee wa Pemba)

Vitafika karibu sawa. Ni kweli nazi inavutwa kwa nguvu zaidi, lakini nayo ni nzito kuianzisha mwendo, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa. Kwa mnazi wa mita 20, safari ni sekunde mbili tu, na nazi inatua kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Hamisheni baraza.

Kuti kavu litachelewa, ila huo ni ubishi wa hewa, uvutano haumo. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja mwezini, pasipo hewa. Vilitua pamoja.

Wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna uvutano, sivyo? (Mwanafunzi, Kisumu)

Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita kama 400 juu, pungufu ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na uvutano wa huko ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Wanaanguka muda wote, wao na kituo chao. Ila wanakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, basi kila wanapoanguka, Dunia nayo imeshajipinda chini yao.

Nimesoma kwamba Jua linaivuta Dunia kuliko Mwezi unavyoivuta. Mbona basi bahari inafuata Mwezi? (Mkulima wa mwani, Paje)

Hili nimelipenda, dada yangu. Jua linatuvuta kama mara 180 kuliko Mwezi. Lakini maji hayajai kwa sababu ya ukubwa wa mvuto. Yanajaa kwa sababu ya *tofauti* ya mvuto kati ya upande wa Dunia ulio karibu na ule wa mbali. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, kwa hiyo kwake pande zetu mbili ni kama mahali pamoja. Mwezi uko kilomita 384,000 tu. Kwake unene wa Dunia ni kitu. Matokeo yake, Jua linachangia kidogo pungufu ya nusu ya kile kinachochangiwa na Mwezi.

Mchango huo unauona kwa macho. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Jua na Mwezi viko kwenye mstari mmoja, vinasaidiana: hapo ndipo bamvua, maji yanakupwa mbali na wewe unashuka kwenye vigingi vyako. Mwezi ukiwa nusu vinapingana, na unapata maji mafu.

Katika nguvu nne za asili, uvutano si ndio mkubwa kuliko zote? (Nakuru)

Ndio mnyonge kuliko zote; nyingine tatu ni sumakuumeme (umeme na sumaku kwa pamoja), nguvu kali na nguvu dhaifu. Chukua sumaku ya mlango wa friji, inyanyue pini mezani: kisumaku hicho kimeishinda Dunia nzima. Protoni mbili (chembe zenye umeme chanya ndani ya atomu) husukumana kwa umeme kuliko zinavyovutana kwa tungamo zao, mara 1 yenye sifuri 36 mbele yake.

Ila umeme una chanya na hasi, nazo hufutana. Tungamo haina hasi. Uvutano unajumlishwa tu, punje kwa punje, hadi unaishika Dunia kwenye njia yake.

Nguvu kali ndiyo inayofunga protoni ndani ya kiini cha atomu, na nje ya kiini haifiki. Nguvu dhaifu (Abdus Salam wa Pakistani na wenzake wawili walipata Nobel mwaka 1979 kwa kuonyesha kwamba ina asili moja na sumakuumeme) hugeuza aina moja ya atomu kuwa nyingine. Iko kwenye ndizi uliyokula asubuhi: kila sekunde atomu kama 15 za potasiamu zinageuka humo, nyingi zikawa kalisiamu. Usiitupe. Mwilini mwako zinageuka zaidi ya 4,000.