Maswali ya Wasomaji: Nimeachiwa nusu dola ya Columbus, naanzaje kukusanya?

SWALI: Shikamoo kaka. Babu kaniachia sarafu moja ya fedha ya Marekani ya mwaka 1893, upande mmoja kichwa cha Columbus upande wa pili meli, imeingia weusi weusi hivi. Nimeulizia nikaambiwa ni ya kumbukumbu na kwamba ziko nyingi za namna hiyo zenye picha tofauti tofauti, sasa nimenogewa nataka nizikusanye zote. Nianzie wapi, na hii niisafishe kwanza? (Msomaji mpya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho manake ndo lenye haraka: usiisafishe. Dawa ya meno, magadi, ndimu, ile dawa ya kung'arishia vijiko, vyote weka mbali, hata kitambaa laini usipitishe. Huo weusi ni fedha ilivyokutana na salfa kidogo kidogo miaka na miaka, na chini yake kuna ngozi ya sarafu yenyewe, ule mng'ao iliyotoka nao kiwandani, ukishaukwangua haurudi tena. Mimi nikiwa naanza niliisugua nusu dola ya kumbukumbu ya Oregon Trail (njia waliyopita wahamiaji kwenda magharibi ya Marekani) na magadi, ikameta nikafurahi sana, nikampelekea muuzaji akaigeuza chini ya taa mara moja tu akanionyesha vimikwaruzo vidogo vidogo vimejaa kote, na bei aliyonitajia ilikuwa chini ya nusu ya niliyonunulia. Ninayo mpaka leo na nikiiona inaniuma.

Hiyo ya babu ndo ya kwanza kabisa kwenye safu nzima. Marekani iliitoa 1892 na 1893 kwa ajili ya yale maonyesho makubwa ya Chicago, ikauzwa dola moja nzima wakati ni ya senti 50, na ile iliyotangulia kutoka kwenye mashine ililipiwa dola 10,000 na kampuni ya mashine za kuchapia za Remington, fikiria hela hiyo enzi zile! Ila walitengeneza nyingi kupita wateja, mamilioni yakayeyushwa na nyingine zikaachiwa tu zikatumika kama hela ya kawaida, ndo maana zilizochakaa zipo tele na haziendi mbali sana na thamani ya fedha iliyomo. Fedha yenyewe ni ile ile kwa nusu dola zote hizi, uzito gramu 12.5, asilimia 90 fedha na iliyobaki shaba. Yako haitakutajirisha, lakini usiiuze.

Sasa kukusanya zote. Kipindi cha zile za fedha za zamani ni 1892 mpaka 1954, na ukitaka kila mwaka na kila herufi ya kiwanda (ile herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi) utahitaji sarafu 144. Usiende huko. Chukua moja kwa kila mchoro, zinakuwa 50, yani nusu dola 48, robo dola moja ya Malkia Isabella ya 1893 na dola moja ya Lafayette ya 1900. Nasema hivi kwa sababu miaka ya 1930 watu walizigeuza biashara ya ulanguzi, mchoro ule ule unatolewa mwaka hadi mwaka kwenye viwanda vitatu ili mkusanyaji akamuliwe. Ile ya Daniel Boone ya 1935 yenye 1934 ndogo pembeni, viwanda vya Denver na San Francisco vilitengeneza kama 2,000 tu kila kimoja, wateja wa kawaida wakakosa na bei ikapaa hapo hapo. Ya Cincinnati ya 1936 ndo mbaya zaidi, seti 5,000 tu, eti miaka 50 ya mji kuwa kitovu cha muziki, na picha wameweka ya mtunzi wa nyimbo Stephen Foster aliyefariki 1864! Kelele zilizidi mpaka mwaka 1939 Bunge lao likazuia kuendelea kutoa zile zilizoruhusiwa zamani. Sioni kwa nini wewe leo ulipie ujanja wa wale watu.

Anza na zilizo nyingi ujifunze kuangalia. Iowa ya 1946 ni rahisi kupata ikiwa safi. Ya Booker T. Washington iliyoanza 1946 mimi naipenda kuliko zote za bei ndogo, ni mara ya kwanza Mmarekani Mweusi kuwekwa kwenye sarafu yao na aliyeichora, Isaac Scott Hathaway, naye alikuwa Mweusi wa kwanza kubuni sarafu ya Marekani. Stone Mountain ya 1925 nayo ipo tele ila ujue unanunua nini, ilitolewa kuchangia kuchonga mlimani majemadari wa upande uliopigania utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alafu ukishazoea jicho tafuta Oregon Trail, kazi ya James Earle Fraser na mkewe Laura, wengi wanasema ndo nzuri kuliko zote na mimi sibishi.

Hiyo ya babu ishike ukingoni tu, iweke kwenye kapsuli ngumu, sio vile vifuko laini vya plastiki ya PVC vinaacha ute wa kijani, na kama kuna mtu kwenye familia anajua aliipataje, andika kikaratasi ukiweke nayo.

SWALI: Kaka nimeona mtandaoni nusu dola ya Hawaii ya 1928 inauzwa bei ya kutupa, muuzaji anasema amerithi na hajui thamani yake. Niiwahi?

JIBU: Hapana. Zilitengenezwa kama 10,000 tu na tangu siku ya kwanza ziliuzwa dola 2, bei ya juu kuliko nusu dola nyingine za wakati ule, na leo ndo inayowatoa jasho wanaotaka kukamilisha seti, kwa hiyo waghushi wanaipenda mno. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala iandikwe COPY lakini feki haiandikwi chochote. Hii usinunue kama haimo ndani ya kapsuli ya PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia, na hata ikiwemo chukua ile namba iliyoandikwa kwenye kapsuli uitafute mwenyewe kwenye tovuti yao kabla hujatuma hela, ufananishe na picha mkwaruzo kwa mkwaruzo, manake siku hizi na kapsuli zenyewe zinaghushiwa.